Kitabu cha kuchorea nilichoshona na mama Ngujini, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mzee, kwa hiyo marahaba zenu nazitanguliza.

Vuta kiti unisikilize. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Wakati wa Mwingereza nilitoka kwetu Ngujini, milimani, nikapata kazi ya kupokea mizigo stesheni ya Same. Same ya siku zile kwangu ilikuwa jua, vumbi na watu wasionijua. Nikitoka kazini nafunga mlango, na sauti ninayoisikia tena ni kikohozi changu.

Mama hakuwahi kushuka tambarare, na miguu yake ilishaanza kuvimba. Siku naondoka aliniambia, "Uniletee huko unakokwenda, nipaone."

Mwalimu wangu wa misheni alikuwa ameniachia kiboksi cha rangi za maji na karatasi nene. (Unene ni muhimu. Karatasi nyembamba ikilowa inajikunja yote.)

Basi nikashona kitabu cha kuingia mfukoni. Nilikunja karatasi katikati, nikatoboa mkunjo kwa msumari, nikashona kwa uzi wa katani. Jalada lilikuwa kadibodi niliyoivika kaniki.

Uzi niliukaza kwa nguvu zangu zote. Nilidhani huo ndio uimara.

Nikamchorea mama stesheni, mashamba ya mkonge, ng'ombe wa Wamasai. Lakini karatasi ikinywa maji inanenepa. Kitabu kikagoma kulala wazi, maji yakawa yanatuama kwenye mkunjo.

Likizo nikapanda nacho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko hawali?"

Akakifungua. Kurasa zikachanika kwenye mshono, mikononi mwake. Mimi machozi yananilenga, yeye anacheka.

"Ulikuwa unafunga kitabu au mbuzi mtoro? Ningekukaza hivi mgongoni, ungefika shambani unapumua?"

Tukashona kingine palepale jikoni. Kila nilipovuta uzi, aliingiza ncha ya kidole chini yake.

"Vuta. Basi! Niachie kidole changu."

Kile kikalala wazi bila kushikwa.

Michoro iliyochanika akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Jirani akiingia anaambiwa, "Hapo ndipo anapokaa mwanangu."

Nikashuka na kitabu kitupu, nimjazie. Kabla hakijajaa, nikaletewa habari ya msiba wa mama.

Nilikimalizia hivyo hivyo, kwa kuchora jiko lile na mlima wetu, kila nilichokumbuka. Kilipojaa nikakaa peke yangu chumbani kushona kingine. Nikavuta uzi wa kwanza, halafu nikajikuta nimesimamisha mkono, nasubiri kidole.



Mwishowe nikachukua njiti ya kiberiti. Ni nyembamba kuliko kidole cha mama, lakini inatosha. Tangu hapo sijashona kitabu bila njiti.

Nilichojifunza ni kwamba kitabu cha rangi za maji kinahitaji nafasi ya kunenepa. Usijilaumu cha kwanza kikiharibika, changu mmekisikia. Na wewe unayeshona, tuambie hapa unatumia nini. Nitamjibu kila mtu, muda ninao.

Ukianza, laza njiti juu ya mkunjo kwa nje, shona ukiipitia juu, funga fundo, kisha ichomoe taratibu.