Neno Nililoliacha Kwenye Karatasi ya Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, niliingia boma la Arusha na vumbi la njia ya Moshi bado miguuni. Nilikuwa karani kijana kutoka Tanga, kichwa kimenivimba kwa kisomo. Bwana Daktari wa mifugo alinipa kazi ya kuandika maelekezo, yaani karatasi za kumwonyesha mtu namna ya kutumia vifaa na dawa.

"Uliza kwanza," aliniambia. "Kisha tazama kazi ikifanywa. Andika rasimu. Msomee mtu asiyeijua kazi, nawe unyamaze. Akikosea, kosa ni lako. Ndipo uandike nakala safi."

Rasimu ni andiko la kwanza, la kukatwakatwa. Lakini hilo la kumsomea mtu niliona ni upuuzi. Nani asielewe Kiswahili changu cha pwani?

Ikaletwa sumu ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe. Nikaandika kwa mwandiko wa kuringia: "Dawa ya ng'ombe. Kikombe kimoja kwa ndoo mbili za maji." Sikumsomea mtu. Mwalimu mmoja akawasomea wafugaji wa magharibi ya mlima Meru, wakagawiwa dawa.

Kesho yake nilitumwa kwa Mzee Lomayani, Mwarusha mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Nilimkuta ameshika kata ya kuchotea maji, tupu.

"Shikamoo, mzee. Dawa umeitumia?"

"Marahaba. Ng'ombe ameshakunywa. Na mama watoto nimemwekea kibuyu, ana homa."

Mungu wangu! Kwao dawa ni mizizi, huchemshwa ikanywewa. Neno "ogesha" sikuliandika popote. Nilikimbilia ndani bila hodi. Yule mama alikuwa amekipeleka kibuyu mdomoni, nilikipiga kikaruka kabla hajameza.

Ng'ombe alikufa jioni ile. Mzee Lomayani hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Karani, karatasi hii ulimwandikia nani?"

Nilirudi bomani. Nilimweleza Bwana Daktari kila kitu, akanirudishia karatasi yangu. Nikaandika rasimu mpya, nikarudi kumsomea yule mama, nikanyamaza. Alichovya kitambaa kwenye ndoo ya dawa, akaanza kumpaka ndama aliyebaki. Ndipo nikaandika nakala safi.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza siri ya maelekezo mazuri. Nawatajia hatua zile zile za Bwana Daktari. Lakini mimi kila nilipokamata nakala safi, nilimwona yule mama, kibuyu kikiwa mdomoni.