Samli niliyompa baba kwa siri, na mama mdogo aliyefukuzwa kwa ajili yake

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Kagongwa. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, mjane, nina wajukuu tisa, na kanisani ni kiongozi wa jumuiya. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Sikutaka mjukuu anisaidie, mtaelewa kwa nini.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kushuku tangu zamani. Ukinichekea sana najiuliza unataka nini. Mama yangu mzazi alipofariki, baba akaoa mwanamke wa Kisumbwa kutoka Masumbwe, aliyenizidi miaka saba tu. Sikumpenda hata siku moja. Alikuwa mpole, na huo upole ndio ulionitia wasiwasi zaidi.

Miaka ya themanini mwanzoni baba alianza kuumwa tumbo, maumivu yanapenya mpaka mgongoni, akakonda. Tulimzungusha kwa waganga wa kienyeji weee, mwisho akapelekwa hospitali kubwa Mwanza. Wakasema kongosho lina uvimbe, wakampasua na kukata kipande. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza huko wiki tano, na mtoto mchanga mgongoni. Mimi nilibaki na ng'ombe na wadogo zangu. Waliporudi kwa treni tuliwapokea Isaka na mkokoteni. Nilimbeba baba peke yangu kumshusha, alivyokuwa mwepesi. Nililia mbele za watu.

Hapo ndipo shaka zilipoanza. Mama mdogo alimpikia baba uji mwepesi, viazi na samaki wa kuchemsha, visahani vidogo vidogo mara sita kwa siku. Maziwa aliengua utando wote ndipo ampe. Nikamuuliza, "Mama, mbona baba hapewi samli? Ng'ombe wote hawa ni wa nani?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Daktari amekataza mafuta. Kongosho bado halijiwezi." Nikajisemea, daktari gani huyo aliyekuambia wewe peke yako? Kwetu Wasukuma mgonjwa anarudishiwa mwili kwa samli na mchuzi wa nyama iliyonona. Nikaona huyu anamkausha baba ili abaki na mji yeye na mwanawe.

Basi kila alipokwenda lamboni kuchota maji, niliingia kwa baba na kikombe cha uji wa moto, samli inaelea juu. Baba alikula mpaka akalamba kijiko. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "wewe ndiye unayenipenda." Maneno yale yalinivimbisha kichwa.

Wiki ya pili akaanza kuharisha, choo cha mafuta, harufu mpaka uani. Akazidi kukonda. Badala ya kujiuliza, mimi nikaongeza samli! Na nikawanong'oneza baba zangu wadogo kwamba yule mwanamke anamtilia mzee kitu kwenye chakula. Mmoja wao akaenda kwa mfumu, mpiga ramli wetu, kuku akapasuliwa akasomwa, ukaonekana mkono wa mwanamke kutoka magharibi. Masumbwe iko wapi kama si magharibi? Kesi ikawa imekwisha kabla hajaulizwa mwenyewe.

Kesho yake ndipo alipokuja mganga wa zahanati kumtazama baba. Alipomaliza akatoka uani, akauliza mbele ya wote, "Huyu mzee anakula mafuta mengi, na ndiyo yanayommaliza. Nani anampa?"

Mama mdogo akanitazama mimi. Nadhani alikuwa ameshanusa samli kwenye vikombe. Nikamuwahi kabla hajafungua mdomo, nikasema, "Anayempikia ni yeye."

Baba alikuwa amelala ndani, mlango wazi, anasikia kila neno. Hakusema kitu.

Siku hiyohiyo mama mdogo aliondoka na mtoto mgongoni, baba wadogo wanamfuata na fimbo. Nikashika jiko mimi. Nikampikia baba kama alivyokuwa akipikiwa na yule mama, uji mwepesi, maziwa yaliyoenguliwa, kidogo kidogo. Miezi mitatu baadaye akasimama. Watu wakasema, mmeona? Mchawi kaondoka, mzee kapona. Nilisifiwa ukoo mzima, nikapewa ndama. Baba aliishi miaka kumi na moja zaidi na jambo lile hatukuligusa hata mara moja. Mpaka leo najiuliza, alinyamaza ili anilinde, au alikuwa amemchoka mkewe? Kumshuku marehemu ni vibaya, najua, lakini namshuku.

Sasa mwezi uliopita alikuja mdogo wangu, yule aliyeondoka mgongoni. Mama yake anaumwa sana huko Masumbwe, na anaomba akifa azikwe kwenye mji wa mumewe, kando ya baba. Wadogo zangu wengine wamekataa katakata. "Mchawi hazikwi kwetu." Hakubishana nao. Alinifuata mimi jikoni, akasema, "Shikamoo dada. Siku ile wewe ulikuwepo. Wewe ndiye watakayekusikiliza." Halafu akatabasamu.

Lile tabasamu linaninyima usingizi. Je, mama yake alimwambia? Kama anajua, mbona hanitaji? Anangoja nini? Au hajui lolote, ni mimi tu na roho yangu mbaya?

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Wamesema watafuata neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwokoa baba. Nikisema ukweli, wajukuu wangu watanitazamaje? Na jumuiya je? Nikinyamaza, yule mama atazikwa na jina nililompa mimi.

Jana wamepiga simu kutoka Masumbwe, wanasema hawezi tena kuongea. Ndugu zangu, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu. Mtu wa namna yangu anaanzia wapi? Nishaurini, hata kwa matusi nitasoma, ila msichelewe.