Sufuria Kubwa ya Mama Dawa

Ninyi mliokulia Kabiria miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati barabara ilikuwa tope tupu na simu ya nyumba nzima ilikuwa moja, mnaikumbuka fildi, uwanja wetu wa mpira. Ilikuwa imeinama upande mmoja, na nahodha aliyeshinda sarafu alichagua kushambulia kuelekea chini hata kabla hajaulizwa. Mvua ikinyesha, kipa wa upande wa chini alisimama ndani ya maji. Tuliipenda hivyo hivyo. Jumapili tukitoka kanisani tulikimbilia huko na nguo zetu za kanisa, tukitafuna miwa njiani, na viboko vya jioni tulikuwa tumeshavikubali moyoni.

Mshambulizi wa timu ya mtaa alikuwa kaka yangu, Wafula. Watu walimwita Dawa, maana walisema yeye ndiye tiba ya timu za Dagoretti, ambazo zilikuja na vijana wa kichinjioni wenye mapaja manene na kutukanyaga watakavyo. Na mtaa ulikuwa na desturi yake: aliyefunga goli la ushindi hakuachwa arudi nyumbani peke yake. Alisindikizwa kwa nyimbo na matawi mpaka mlangoni kwao, na nyumba hiyo iliwapa wasindikizaji chai. Kwa hivyo mama, ambaye wiki nzima alifua nguo za watu Lavington, alitafuta sufuria kubwa, ile ya kupikia watu matangani. Jumapili ilijaa chai ya maziwa na tangawizi, ploti yote ya wapangaji ikanukia. Baba alikuwa mlinzi mjini na Jumapili yake ilikuwa ya kazi, basi wenyeji wa sherehe tulikuwa mama, Wafula na mimi. Mimi nilikuwa mgawa vikombe, na nilijiona waziri.

Zilikuwa siku tamu jamani. Mama akienda kununua sukuma wiki aliitwa Mama Dawa na kuongezewa kitunguu. Kamau, kinyozi wetu, alimnyoa kaka bure, akamleta mchoraji amchore kwenye ukuta wa kibanda, katikati ya wanamuziki wawili wa Marekani. Picha ilimpa kaka meno mengi kuliko aliyo nayo, lakini mimi nilipita pale makusudi, hata nikiwa nimetumwa upande mwingine kabisa.

Kisha ikaja fainali ya mbuzi. Mshindi angepewa beberu, naye alikuwa amefungwa kando ya uwanja, anatafuna nyasi bila wasiwasi. Dakika za mwisho tukapata penalti. Dawa akaupaisha mpira, ukatua juu ya mabati ya kanisa. Beberu akaenda Dagoretti, akivutwa kwa kamba huku akigeuka kututazama. Nadhani mtaa wetu ungesamehe kupoteza kombe. Nyama hawakuisamehe.

Jumapili iliyofuata kaka hakufunga, wala iliyofuata hiyo. Mguu ulikuwa ule ule, ila sasa alikuwa anaupiga mpira kama mtu anayeomba ruhusa. Waliokuwa wakiimba jina lake wakaanza kusema "huyo kijana wa Mama Wafula," utadhani tulihamia juzi. Kitunguu cha nyongeza kikaisha. Kwa Kamau alipanga foleni kama wengine, na siku moja tukakuta uso wake pale ukutani umepakwa rangi nyeupe. Wanamuziki walibaki, na doa tupu katikati yao. Kaka alilitazama kidogo, akaniambia tutembee.

Mimi nikaacha kwenda fildi, maana matusi yalinizidi. Nilimngoja kwenye kizingiti, naye alirudi kwa njia ya mtoni, nyuma ya mashamba ya nduma, njumu zake zikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Lakini mama hakuacha kupika sufuria kubwa. Nilipomuuliza tunampikia nani, alisema, "Watakuja. Na wakikuja wakose chai, hiyo aibu itakuwa yetu."

Hawakuja. Chai ile tuliinywa mpaka Jumanne, ikiwa na utando juu, na hadi leo siwezi kunywa chai iliyopashwa moto. Tuliketi watatu kando ya sufuria ya kutosha matanga, tukisikia mtaa ukiimba mlangoni pa mtu mwingine. Niliumia sana jioni zile, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu marafiki zangu walikuwa huko huko wanakunywa chai.

Jumapili moja mama akateka maji kwa sufuria ndogo. Kaka aliporudi akaiona juu ya jiko.

"Leo umepikia nani?"

"Sisi," mama akasema.

Aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akakaa akikwangua tope kwenye njumu kwa kijiti mpaka giza likaingia, ingawa zilikuwa zimekuwa safi kitambo. Sikujali tena kama mtaa utashinda. Nilitaka tu mtu mmoja aje apige hodi kwa ajili yake.

Wiki iliyofuata alifunga mawili. Sisi tulisikia nyimbo zikija, tukadhani zinapita kama kawaida, mara zikaingia ndani ya ploti. Kamau alikuwa mbele, jasho linamtiririka, na kaka yuko juu ya mabega ya watu.

"Mama Dawa, chai iko?" Kamau akauliza, kama mtu aliyekuwa hapa jana.

Mama alisimama mlangoni. "Leo nimepika ya watu wa hii nyumba."

Nyimbo zikakatika. Mimi nilifurahi, lazima niseme. Nilitaka waondoke wameinamisha vichwa. Lakini kaka aliteremka mabegani, akampita mama taratibu, akavuta sufuria kubwa kutoka chini ya kitanda, akaijaza maji na kuchochea jiko akiwa bado na jezi yenye tope. Alipika mwenyewe. Walikunywa wote, na Kamau akaongezewa, huku akiahidi kumrudisha ukutani.

Walipoondoka nilimfuata alipokuwa akiosha vikombe, nikamuuliza kwa nini amewapa.

"Hii nyumba ni ndogo, unaiona," akasema. "Lakini hao watu wakikosa kukuja inakuwa kubwa sana."

Mama alisikia. Jumapili iliyofuata alipika sufuria kubwa, na hakuiacha tena.

Picha ilirudi kwa Kamau kweli, ikiwa na pua isiyo yake. Goti likamharibikia kaka baadaye, watu wakatawanyika kwa mara ya mwisho, na fildi sasa ni maghorofa. Vijana wa leo wana mastaa wao, wa nchi wasizozifahamu. Msimu ukiwa mbaya wanabadilisha jezi, na kumtusi mchezaji kunahitaji kidole tu. Enzi zetu uliyemtusi Jumapili ulikutana naye Jumatatu kwenye bomba la maji. Hatukuwa wema kuliko wao, ila waliotuacha waliujua mlango wetu, na siku wakitaka kurudi walijua pa kuja.

Mama tulimzika Bungoma. Sufuria kubwa iko kwangu, juu ya kabati, imejaa blanketi. Majirani zangu hapa ghorofani siwajui majina. Wafula huja kunitembelea Jumapili, na juzi nilipika kwa sufuria ndogo, nikamimina vikombe viwili. Kabla ya kunywa, aliangalia mlango. Nami nikauangalia.