Pasaka ya Feza Asiyemwamini Mungu

Karibu kila kwaya ya Kamembe, mji wa Rwanda unaopakana na Bukavu, imewahi kuvaa nguo iliyoshonwa na Feza Buhendwa. Aliwashonea Wakatoliki, Wapentekoste, hata Waadventista wa kule Giheke, na hakuingia kanisani kwa yeyote kati yao. Jumapili, barabara ikijaa watu wenye Biblia kwapani, yeye alifungua mlango wa nyumba yake, akakaa nyuma ya cherehani na kusikiliza redio.

Baba yake aliitwa Nissim, Myahudi wa kisiwa cha Rodo, aliyekuwa na duka la vitambaa Bukavu tangu zama za Wabelgiji. Mama yake alikuwa mwenyeji, Mushi wa Kabare. Nissim hakumficha Feza. Kila mwaka, Pasaka ya Wayahudi ilipofika, alimkalisha mezani mbele ya mkate bapa usio na chachu, mboga chungu, na mayai yaliyochemshwa kutwa pamoja na maganda ya vitunguu hadi yakawa kahawia mpaka ndani. Halafu aliimba wimbo mrefu kwa Kihispania cha kale, lugha ambayo Wayahudi wa kwao waliirithi kwa mababu. Wala hakuwa mtu wa dini.

"Mungu sikumwona," alimwambia bintiye. "Babu zangu niliwaona, na walikula hivi."

Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka, Nissim aliondoka na sanduku moja. Habari zake zikaishia hapo.

Feza alibatizwa na watu wa mama yake, akasali kama wenzake, mpaka vita vilipoingia Bukavu na mtoto wake wa kwanza, Parfait, akafa kwa homa wakiwa njiani wakikimbia. Feza alikuwa amesali njia nzima. Tangu siku hiyo hakusali tena. Baadaye alivuka mpaka pamoja na mumewe Kamali, Mnyarwanda aliyekulia Kongo, wakahamia Kamembe na kumzaa Larissa. Kamali alipofariki, mama na binti wakabaki na cherehani zao mbili. Mayai ya Pasaka hayakukosekana mwaka hata mmoja. Kwa mboga chungu Feza alitumia isogi ya sokoni, na wimbo aliuimba peke yake, macho yamefumbwa, huku Larissa akisubiri uishe ili wale.

"Mama, maneno yake maana yake ni nini?" Larissa aliwahi kuuliza.

"Sijui. Baba naye alisema mengine hayajui."

Larissa alicheka, wala hakuomba kufundishwa. Aliona muda upo.

Aliyetangaza mtaani kwamba Feza ana damu ya Kiyahudi ni jirani yao, Mukagasana, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza. Alikuwa akisali katika chumba kidogo cha maombi cha mchungaji Munyemana, ambako bendera ya Israeli ilitundikwa ukutani. Haikupita wiki mchungaji akabisha hodi, suti imenyooka, uso umejaa furaha.

"Maman Feza, kumbe wewe ni mtoto wa Abrahamu, na uko hapa hapa kwetu! Kuya Jumapili utubariki."

"Pasta, mi siamini Mungu."

"Myahudi asiyeamini Mungu? Sijapata kusikia."

"Bako wengi. Baba yangu alikuwa mmoja wao."

"Sasa ile Pasaka unafanya ya nini?"

Feza akajibu: "Nisipoifanya, itakuwa kama baba hakupita hapa."

Mchungaji alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto, akaaga. Lakini hakusahau.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Pasaka, Feza alianguka akiwa anakata kitambaa. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia ukiwa umekufa na mdomo hautoi neno. Watu wa mchungaji Munyemana ndio waliokuja. Walimwosha, walimgeuza kitandani, walileta uji wa lishe wa sosoma na kuni. Larissa hakuwa na ndugu mwingine Kamembe, na wa Bukavu walikuwa na matatizo yao. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili.

Siku ya Pasaka ilipofika, Larissa alichemsha mayai. Alikanda unga na kuukausha juu ya kikaango bila mafuta. Alimwinua mama yake kwa mito, akaisogeza meza karibu na kitanda. Ndipo mlango ukafunguliwa, kwaya nzima ikaingia ikiwa imevaa kanzu za buluu alizozishona Feza mwenyewe. Mukagasana alikuwa amewaambia.

"Leo ni siku ya Mungu wa Israeli!" alisema mchungaji. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mgonjwa na kuanza kuomba kwa sauti kubwa, kwamba kinywa hicho kifunguke na kumkiri Bwana.

Mkono wa kushoto wa Feza ulianza kupiga godoro. Ulipiga, ukapiga.

"Roho anamgusa!" akalia Mukagasana.

Machozi yalimtoka Feza. Larissa alimtazama na hakuweza kusoma kilichokuwamo machoni mwake. Hasira? Shukrani? Hofu? Akamsogelea mchungaji.

"Pasta, samahani. Mama hakuwa anaamini. Alikuambia mwenyewe."

"Binti yangu," alijibu, bila ukali wowote, "sasa hivi moyoni mwake unajua kuna nini?"

 Larissa angewafukuzaje watu waliomwosha mama yake asubuhi ile? Akarudi nyuma hadi ukutani, akasimama mpaka wakamaliza.

Walipoondoka alimega yai, akalisogeza mdomoni mwa mama yake. Lilimwangukia kifuani. Alijaribu kuuimba wimbo, akakuta anajua mstari wa kwanza tu, tena nusu. Feza alitoa sauti kooni isiyo na umbo. Larissa akachukua simu, akatafuta nyimbo za Pasaka za Wayahudi, akazicheza moja baada ya nyingine: wazee wenye ndevu, watoto, wapiga gitaa. Kila mara alimtazama mama yake.

"Ni huu? Huu je?"

Kila mara kichwa kilisogea kidogo kwenye mto: hapana. Mwishowe hakikusogea tena. Feza alikuwa amefumba macho.

Alikufa kabla mvua za masika hazijaisha. Kanisa ndilo lililoleta jeneza, msalaba na hema. Mchungaji alihubiri kwamba binti wa Israeli amelala katika imani, na watu wakasema amina. Larissa alipoombwa aseme neno, alishukuru wote waliofika, akaketi.

Baada ya maziko Mukagasana alimshika mkono.

"Larissa, usikae peke yako. Jumapili kuya kwetu."

"Maman, hata sijui mimi ni nani."

"Kuya tu."

Akaenda. Alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Walipofika kwenye wimbo unaoitaja Israeli, watu wote waligeuka kumtazama, wakimtabasamia. Larissa hakujua afanye nini na uso wake. Akatabasamu nao, akapiga makofi.