Msimu Mama Alipokuwa Nyumbani Asubuhi

Kabla ya maji kutoka, bomba lilikoroma. Lilikoroma kama mzee aliyelala chali, likatema hewa, likatema matope mekundu, ndipo maji yakaja yakinuka kutu na kuwarukia watu miguuni. Nilikuwa darasa la tatu, kwetu Mkunya. Wanawake walipiga vigelegele, lakini mama yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Somoe kwa jina langu, hakupiga. Alikinga kiganja, akaonja, akacheka peke yake. "Yana ladha ya msumari," akasema, "lakini leo yametufuata yenyewe."

Sisi watu wa kule juu mlimani tulizoea kuyafuata. Mchanga wetu haushiki mvua. Chemchemi ziko chini bondeni, na njia ya kwenda huko inateremka kwenye mawe makali. Mama alikuwa akiondoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi jua limeshavuka mikorosho, ndoo kichwani, shingo imekakamaa. Utosini alikuwa na upara mdogo wa mviringo, pale ngata ilipokaa miaka yote. Kisha wahandisi wakaja, wakafunga mashine ya dizeli bondeni, wakalaza mabomba hadi juu, na mama akawa mtu mwingine. Niliamka nikamkuta nyumbani. Sikuwa nimewahi kujua sauti yake ya asubuhi. Alinisuka nywele kabla ya shule, akapanda mchicha nyuma ya jiko, akaanza kunenepa, na pale utosini nywele zikachipua, laini kama za mtoto mchanga. Kabla msimu haujaisha alikuwa mjamzito, na baba alikuwa akitembea huku anapiga mluzi.

Mikorosho ilipochanua, mashine ikanyamaza. Fundi alikuja kwa pikipiki kutoka Masasi, akashuka bondeni, akapanda na mikono imejaa grisi. "Shafti ya pampu imekatika," aliwaambia watu waliomsubiri. "Masasi haipo, Mtwara haipo. Imeagizwa."

"Itafika lini?" baba akauliza.

"Ningejua ningekuambia, mzee wangu."

Ndoo zikarudi vichwani. Baba alimkataza mama kushuka, akawa anakwenda mwenyewe na baiskeli, akiisukuma mlima mzima huku madumu yakigongana. Lakini kifaa kilichelewa, na siku moja wazee wakamchukua baba waende Masasi kukiulizia. Asubuhi ile mtungi ulikuwa mtupu. Jirani yetu Mama Issa akaja hadi mlangoni.

"Mwenzangu, kaa. Nitakugawia yangu."

"Na wanao watakunywa nini?" mama akamjibu, akajitwisha ndoo.

Aliteleza wakati wa kupanda, ndoo ikiwa imejaa. Wanawake walimbeba kwa kanga walizofunga kwenye miti, wakipokezana, wakimwita jina lake la utotoni ili asilale. Hakufika barabarani, kwenye gari la kumpeleka hospitali. Yeye na mtoto aliyekuwa tumboni wakaondoka pamoja.

Baba alishuka kwenye basi jioni. Aliuona umati uani kwetu, akadhani wamekuja kusikia habari, akaanza kusema akiwa bado njiani, kwa sauti ya furaha: "Imepatikana! Wanaileta!" Mama Issa akaenda kumshika mkono.

Maji yalirudi tukiwa bado tunapokea wageni wa msiba. Wanawake walipanga foleni kimya, na kila aliyekinga alimletea baba ndoo ya kwanza. Alishukuru, lakini hakuyanywa. Mluzi wake sikuusikia tena.

Sasa ninaishi Masasi, na nikienda Mkunya nakuta mashine inaendeshwa na jua, bomba liko hadi uani kwa watu. Nafurahi, kwa kweli nafurahi, ingawa mtambo ukisimama hata nusu siku moyo wangu hupiga vibaya. Watu hupiga makofi mtambo mpya unapozinduliwa. Mimi huuliza vipuri viko wapi, na wengine huniona mkorofi. Mwaka huu, tulipokuwa tukipalilia kaburi la mama, binti yangu aliniuliza bibi yake alikufa kwa ugonjwa gani.

"Hakuugua," nikamwambia. "Alikwenda kuteka maji."

Akanitazama, akisubiri niendelee, kwa sababu kwake hiyo haikuwa sababu ya mtu kufa.