Jibu Nililochapisha Bila Kuuliza

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mwenye duka la dawa za mifugo pale Mbumbuni. Hakunisalimu. "Daktari ametuacha," alisema, na nyuma yake nikasikia redio ya dukani ikitangaza bei ya mahindi. Huyo hakuwa daktari wa watu. Alikuwa afisa msaidizi wa mifugo, mtu mwembamba wa makamo aliyezunguka vijijini kwa pikipiki, kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma kwa mpira. Lakini kwetu anayetibu mbuzi ni Daktari, na jina hilo lilimganda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Figo zilikuwa zimemsumbua mwaka mzima. Nilijua anaumwa. Nilijua pia kwamba kulikuwa na jambo moja aliloniomba nifanye, akaniomba mara mbili, na nilikuwa bado sijalifanya. Wasomaji waliongoja niendelee na habari za barabara za kaunti watanivumilia wiki hii.

Nilifahamiana naye wakati nilipokuwa nikifundisha karibu na Mbumbuni. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu wanne tulikutana katika chumba cha nyuma cha duka hilo, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, tukacheza mchezo ambao Daktari alifundishwa na mpwa wake anayesoma chuo kikuu Nairobi. Watu wa nje walipoona dadu walidhani ni kamari, na mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchungulia akaondoka amekunja uso kwa kukosa cha kukemea. Hapakuwa na dau wala mshindi. Daktari alisimulia nchi ya kubuni, yenye milima, masoko na majitu. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hiyo hadithi, akasema mtu huyo anafanya nini. Dadu la nyuso ishirini ndilo lililoamua kama amefaulu. Mimi nilikuwa na mwindaji wa mishale. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu wa kule Nuu aliyeleta mbuzi wake kwenye soko letu, alikuwa na mlinzi wa misafara. Wa nne alikuwa mwalimu mwenzangu, mama wa watoto watatu. Mtu wake alikuwa mwanamke msafiri aliyetembea na punda.

Kitu kilichomfanya Daktari awe tofauti ni kwamba hakuanza hadithi kabla ya kutuuliza. Alimchukua kila mmoja kando, mpaka kwenye ngazi za nyuma za duka, akiwa na daftari la shule mkononi. "Mtu wako anataka nini?" Ukishajibu, alikuuliza tena: "Na anatumaini nini?" Nilimwambia hayo ni swali moja. Akakataa. "Anachotaka ni kile atakifuata kwa miguu. Anachotumaini ni kile anaona haya kusema." Mwindaji wangu alitaka kuliua jitu la mlimani. Kuhusu tumaini sikuwa na la kusema. "Sawa," alisema, akaacha nafasi tupu kwenye daftari. "Nitakuuliza tena mvua ikiisha." Na kweli alirudi kuuliza. Kila baada ya miezi michache alitupeleka tena kwenye ngazi, mmoja mmoja, kwa sababu, alisema, watu hubadilika hata kama ni wa kubuni.

Mfanyabiashara wa Nuu ndiye aliyenionyesha maana ya maswali hayo. Siku ya kwanza alikataa kwenda kwenye ngazi, akacheka mbele yetu sote. "Daktari, mimi nahesabu mbuzi wiki nzima. Huyu mlinzi hataki kitu. Mpe tu upanga atembee." Daktari hakubishana naye. Alimuuliza: "Asubuhi akiamka, anaangalia upande gani?" Yule mzee aliacha kucheka. "Anaangalia kule walikuwa na kisima," akasema. "Baba zake walihama, kisima kikafukiwa na mchanga. Hakuna mtu anakumbuka ni wapi." Daktari hakumdodosa. Ilipita karibu nusu mwaka. Jumamosi moja msafara wetu wa kubuni uliingia kwenye bonde kavu, na Daktari akasimulia duara la mawe yaliyochomoza kidogo juu ya mchanga. Mzee alisimama. Aliomba mlinzi wake achimbe, akarusha dadu, akapata kumi na nane. "Kuna unyevu," Daktari alisema. Akarusha tena. "Kuna maji." Mtu aliyezeeka kwenye minada, anayekutazama machoni akikudanganya umri wa beberu, alifunika uso kwa viganja na kusema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba nimemjua mzee huyu miaka minne na sijawahi kumuuliza chochote isipokuwa bei.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hamu ya kuandika. Niliona tuna ukame wa namna nyingine huku kwetu. Tunaulizana kama mvua imefika kwenu, kama mtoto amepata shule, kama ng'ombe amezaa. Ofisini tunaulizwa kitambulisho na kata. Hakuna anayemuuliza mtu mzima anatumaini nini, na akiulizwa huutazama uso wa mwenye kuuliza kana kwamba anatafuta mtego. Nilidhani nimepata safu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikutaja jina la mtu wala la mji. Nilisimulia kisima, na kisha, kwa kuwa kisima peke yake hakikujaza nafasi, nikasimulia tumaini la yule mwanamke msafiri, ambalo mwalimu alikuwa amelisema mbele yetu siku moja kwa kujisahau: kwamba siku moja afike mji ambao hakuna anayemjua, ambako haitwi mama fulani wala mke wa fulani. Niliandika kwamba tumaini hilo ni la "mama mmoja mwalimu aliye miongoni mwetu." Nilikusudia kumsifu. Niliona ni maneno mazuri mno kuachwa katika chumba cha magunia.

Katika mji kama ule, kuna mama walimu wangapi wanaoingia chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo kila Jumamosi? Gazeti lilifika kwa kinyozi saa nne, na kufikia jioni lilikuwa limeshafika kwa mumewe. Jumapili akina mama wa kanisa walimwita mbele, wakamzunguka na kuiombea ndoa yake. Yeye alisimama katikati amefumba macho. Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na baada ya hapo hakurudi tena.

Daktari alinijia shuleni, akaegemea pikipiki yake chini ya dirisha la ofisi ya walimu. "Umeandika vizuri," alisema.

"Asante."

"Lakini uliandika jibu la zamani. Hilo alinipa kabla ya mvua. Nilikuwa niko karibu kumuuliza tena. Sasa kila mtu anajua hilo moja, na hata akiwa na lingine nani atamsikia?"

Nilijitetea. Nilisema sikutaja jina, nilisema ni mchezo tu, mtu wa kubuni si mtu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nenda umwone," alisema. "Usiandike barua. Enda nyumbani, mwambie wewe mwenyewe, na mzee wake akiwa hapo." Nikamwambia nitaenda. Na nilikusudia kwenda, Mungu ni shahidi. Wiki hiyo kulikuwa na mitihani. Iliyofuata niliona ni afadhali mambo yapoe kwanza. Yalipopoa niliona nitayachokoza upya. Kisha nikahamishwa shule, na aibu ikapata umbali wa kujificha. Mwaka jana nilimpigia Daktari simu kumjulia hali, alikuwa ameshaanza kupelekwa hospitali mara mbili kwa wiki. Kabla hatujaagana alisema, "Ulienda kumwona mwalimu?" Nikasema bado. "Haya," alijibu. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Tulimzika kwao, kwenye vilima vya Kilungu, katika shamba la maparachichi linaloshuka wima mpaka mtoni. Mchungaji alisifu uaminifu wake, na mzee wa kijiji akakumbusha jinsi alivyowaokolea ng'ombe ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia. Hakuna aliyeutaja mchezo. Watu walipoanza kupanga foleni ya chakula nilimwona mwalimu amekaa peke yake kwenye ukuta wa mawe, sahani mapajani. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Nilikwenda nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwaitu," nilisema, nikimheshimu kwa neno la kwetu la kumwita mama, "nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea."

"Miaka mitatu, mwandishi."

"Najua."

Alikaa akila kidogo kidogo. "Unajua kilichoniuma ni nini? Mzee wangu hakunipiga, hakunifukuza. Alinisamehe. Mpaka leo ananisamehe, kitu sikumkosea. Mimi sikutaka kumwacha. Nilitaka tu kuwa na mahali mtu ananiuliza."

Nilimwambia ninasikitika kwamba niliuua mchezo wake. Hapo aliniangalia kwa mshangao kidogo. "Nani alikuambia uliisha?" Akanieleza kwamba Daktari alikuwa akifika kwao kuchanja mbuzi kama anavyofika kwa kila mtu. Yeye alimshikia mbuzi pembe, Daktari akadunga sindano, na bila kuinua kichwa akauliza: "Yule mama wa punda, siku hizi anatumaini nini?" Alimjibu. Daktari akamsimulia kipande kifupi, mto ulivyofurika au soko alilolikuta mbele, dadu likarushwa juu ya kifuniko cha kile kisanduku cha chanjo. Akahamia mbuzi mwingine. Mumewe alikuwa pale pale, akishika wale wakubwa. Kwa miaka miwili na zaidi, mpaka pikipiki ikamshinda.

"Na mara ya mwisho ulimjibu nini?" nilimuuliza. Swali lilinitoka kabla sijajizuia.

"Hilo nilimwambia Daktari," alisema, akainuka kupeleka sahani.

Nimeandika kwa miaka mingi nikijivunia kwamba sitaji jina la mtu. Niliona huo ndio uungwana wa kazi yangu. Sasa najua jina ni sehemu ndogo sana ya mtu, na kwamba mtu akikwambia anachotumaini hajakupa kitu cha kwenda nacho. Amekuruhusu tu kukaa naye hapo alipo. Daktari alilijua hilo, akaendelea kuuliza na kunyamaza. Mimi nilisikia mara moja, nikapiga chapa. Na alipotaka nirekebishe nilichoharibu, nilimfanya afe akingoja habari ambayo ningeweza kumpelekea kwa mwendo wa nusu siku.

Nilipotoka Kilungu nilipitia kwa mwalimu, nikazungumza na mumewe mbele yake. Hayo yetu watatu hayaandikwi. Kisha nikaandika safu hii na kumpelekea yeye kabla mhariri hajaiona, nikamwambia aondoe lolote asilolitaka. Alikaa nayo siku mbili. Amefuta sentensi mbili, nami nimeziacha zilivyofutwa.