Safari ya Kendu Bay Kula Pasaka ya Musa

Tulikwenda Kendu Bay kwa sababu dada yangu Akoth alitaka kuolewa, na baba mkubwa Zefania alikuwa amekaa miezi saba bila kusema ndiyo wala la. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita, kwa hiyo neno la kaka yake ndilo la mwisho. Mchumba ni Njoroge, mtu wa Nyeri, anauza sufuria na misumari mjini Kisumu. Kabla shule hazijafungwa, barua ya baba mkubwa ilifika: mleteni huyo kijana kwa Pasaka. Kwangu Pasaka inaliwa kama ya Musa, si hiyo yenu ya biskuti na soda. Jibu nitalitoa hapo mezani.

Nyinyi wa kikundi cha vijana hapa Nyamasaria mmeniuliza ilikuwaje. Mnajua mimi nikisimama mbele ya watu watatu sauti inakauka, kwa hiyo nimeandika.

Alhamisi, saa moja asubuhi, Njoroge alitupitia na pikapu yake. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na amenyoa ndevu mpaka shingo imewasha. Mama alimpa Akoth chupa ya chai, akamwambia asibishane na mtu yeyote. Mimi sikuambiwa. Hakuna anayefikiri nitabishana. Pikapu tuliiacha dukani mjini, tukashuka kwa miguu mpaka bandarini.

Melini, Akoth alilala kabla hatujaacha ukuta wa bandari. Njoroge akahamia upande wangu wa benchi. Kwa wiki nzima alikuwa akijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani.

"Awuor, wewe unasoma dini shuleni. Hiyo Pasaka ya Musa iko namna gani? Nisije nikakosea."

Ilinibidi nimjibu huku nikiangalia maji. Nilimwambia kwamba mwanzoni ilikuwa ya nyumbani. Kila nyumba na mwana-kondoo wake asiye na kasoro, damu kwenye miimo ya mlango, nyama ya kuchoma usiku na mboga chungu na mkate usiotiwa chachu. Wanakula haraka, viatu mguuni na fimbo mkononi, kwa sababu wanatoroka. Baadaye, walipopata nchi na hekalu, ikatolewa nyumbani. Ikabidi kila mtu asafiri mpaka Yerusalemu, akachinje huko.

"Kama sisi na hii meli."

"Kama sisi. Halafu hekalu likachomwa, wakakosa pa kuchinjia. Kwa hiyo Wayahudi wakairudisha mezani nyumbani, lakini bila kondoo. Imebaki mfupa uliochomwa, mkate, mboga chungu, vikombe vinne vya divai. Mtoto mdogo anauliza maswali, mkubwa anasimulia walivyotoka Misri. Hata kusimama waliacha. Wanakula wameegemea kama mabwana, kuonyesha hawako utumwani tena. Wakristo nao wakachukua mkate na kikombe, na Jumapili."

Njoroge alijikuna shingo. "Kwa hivyo Wayahudi wenyewe siku hizi hawachinji?"

"Wengi hawachinji."

"Na Mzee Zefania anachinja?"

"Anachinja."

"Basi amewazidi."

Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye kuku akageuka kututazama. Hapo ndipo nilipoanza kumtaka Njoroge awe shemeji yangu. Kabla ya hapo nilikuwa namwonea huruma tu.

Mchana tulishuka Kendu Bay, tukatembea kama saa moja kando ya ziwa mpaka kwa baba mkubwa. Mama mkubwa alitukumbatia wote watatu bila kuchagua. Baba mkubwa alimpa Njoroge vidole vinne vya mkono, kidole gumba akakibakiza.

"Karibu, mgeni," alisema. Alilirudia hilo neno mara nyingi jioni hiyo. Mgeni apewe maji. Mgeni aonyeshwe choo. Akoth alikunywa chai akiangalia sakafu.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Musa wetu alianza kazi. Kwanza kondoo. Baba mkubwa ana kondoo watano wazima na mmoja anayechechemea, na aliyefungwa kwenye mti ni huyo wa kuchechemea. Nilimwuliza mama mkubwa kwa sauti ndogo kama hiyo si kasoro. Akasema kasoro iko mguuni, haiko kwenye nyama.

Damu ilipakwa kwa brashi ya chokaa. Mlango wa baba mkubwa ni wa bati lenye rangi nyekundu, kwa hiyo damu haikuonekana, akalazimika kupaka ukutani, na mbwa akafuata. Kwenye Biblia hakuna mfupa unaopaswa kuvunjwa. Kwa baba mkubwa panga lilipigwa mpaka saa nne. Nyama ilichemshwa, na kitunguu. Mboga chungu ilikuwa osuga, ila mama mkubwa aliipika na maziwa tangu jana yake mpaka uchungu wote ukatoka, maana yeye hawezi kuwapa watu mboga mbaya. Wana wa Israeli walikula usiku. Sisi tuliandaliwa saa nane mchana, kwa sababu ya mbu.

Mkiniuliza, baba mkubwa angetuambia tu kwamba ana hamu ya nyama.

Saa nane kasoro tuliingia sebuleni. Wazee wawili wa kanisa lake walikuwa wameshakaa kwenye makochi yenye vitambaa. Baba mkubwa alijifunga mshipi juu ya koti, akashika fimbo ili ale kama mtu wa safari, halafu akakaa. Sinia la nyama liliwekwa katikati. Mzee mmoja alichukua kipande kabla ya sala, akakishika tu.

Baba mkubwa aliita, "Awuor, nyathina, njoo." Ni mtoto wangu, hiyo, kwa lugha yetu, na akiitumia ujue anataka kitu. Alinipa Biblia, si ile ya Dholuo anayoisoma kila siku. Ilikuwa ya Kiswahili, mpya. "Soma Kutoka kumi na mbili. Soma kwa sauti, mgeni asikie mwenyewe na masikio yake. Mwisho ni hapa." Alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye aya ya arobaini na tatu.

Nilisoma. Nilifika kwenye alama: amri ya Pasaka ni kwamba mtu mgeni asimle huyo mwana-kondoo.

"Hapo hapo," baba mkubwa alisema, na akamgeukia Njoroge. "Umesikia, bwana. Si mimi. Mimi sina ubaya na wewe. Ni Neno. Wewe mama atakupatia ugali na samaki kule jikoni. Na mtu ambaye hali Pasaka ya nyumba hii, hawezi kuchukua binti ya nyumba hii. Ndiyo jibu."

Akoth hakulia. Alikunja tu kitambaa cha kochi kidogo kidogo, kama anataka kukiingiza chote kwenye ngumi. Njoroge alianza kuinuka.

Biblia ilikuwa bado mikononi mwangu, na macho yangu yalikuwa yameshateremka. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo kwa mtihani. Nilijua kilichokuwa chini, na nilijua kwamba ni neno ambalo msichana hasemi mbele ya wazee. Niliendelea kusoma. Sauti yangu ilikuwa mbaya, kama ya chura, lakini ilitoka. Mgeni anayekaa kwenu akitaka kula Pasaka, waume wake wote na watahiriwe, ndipo akaribie, naye atakuwa kama mwenyeji. Mtu asiyetahiriwa asile. Sheria ni moja kwa mwenyeji na kwa mgeni.

Mnajua, na ziwa lote linajua, kwamba kwetu wanaume hawatahiriwi. Wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini, na baba mkubwa ana pengo lake. Kwa kina Njoroge kila mvulana hutahiriwa. Mle sebuleni alikuwepo mwanamume mmoja tu aliyeruhusiwa kugusa lile sinia, naye alikuwa mlangoni akitafuta viatu.

Yule mzee alirudisha kipande chake cha nyama taratibu.

"Awuor!" Baba mkubwa alipiga fimbo chini. "Nani amekuambia uendelee?"

"Aya ndiyo imeendelea, baba."

Mama mkubwa, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la osuga, alicheka mpaka akajishika ubavu. "Zefania! Kumbe hiyo kondoo yote ni ya mkwe!"

"Nyamaza wewe! Hayo ni mambo ya kale. Sisi tuko chini ya neema."

"Tangu lini?"

"Tangu Yesu!"

"Na asubuhi ulikuwa chini ya nani, ukinichafulia ukuta?"

Njoroge angeweza kutabasamu wakati huo na kuharibu kila kitu. Hakutabasamu. Alisema polepole, "Mzee, mimi sikuja kumaliza kondoo wako. Ukila, nitakula. Ukiacha, naacha na mimi."

Baba mkubwa alikuwa amefunga tangu Alhamisi usiku. Aliangalia sinia. Wale wazee wawili walimwangalia yeye. Nadhani mvuke ndio uliomshinda.

"Mpe nyama," alisema.

"Nani?" mama mkubwa aliuliza, naye alijua vizuri.

"Huyu. Mkwe."

Kitambaa cha kochi kilimtoka Akoth mkononi, kikafunguka chenyewe.

Jumamosi asubuhi baba mkubwa alitusindikiza mpaka kwenye meli. Mimi hakunisemesha. Njoroge alimpa mkono, na safari hii nilihesabu vidole: vitano. "Mwezi wa nane lete wazee wako," alimwambia. "Na mwaka ujao njoo tena kwa Pasaka. Tutakula samaki."

Nilichojifunza ni hiki. Mwalimu alituambia Pasaka ya kuchinja iliisha hekalu lilipochomwa, na watu walihuzunika sana, wakachukua muda mrefu kujua wafanye nini badala yake. Kwa baba mkubwa haikuchukua muda. Sheria ya Musa ilidumu nyumbani kwake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane na dakika chache, ilipomfikia yeye mwenyewe, na hakuna aliyehuzunika. Tulikula mpaka tukalamba vidole.